Kilichotoweka Katika Mlinganyo

Mwaka 1969, ndani ya majalada ya Fischer Black, palikuwa na mlinganyo mmoja ambao mwenyewe hakujua kuutatua. Alikuwa ameuunda kwa mkono wake, akaukagua, akaukalia kwa siku nyingi, kisha akaurudisha kwenye jalada na kushika kazi nyingine.

Jina la Black watu hulijua likiwa limefungwa pamoja na la mwenzake: Black-Scholes, fomula ya kupatia bei opsheni za hisa. Vyuoni hupita ubaoni kwa muda mfupi, wanafunzi wakaikariri, wakaijibia mtihani. Mimi navutwa zaidi na namna ilivyotengenezwa. Bidhaa iliyokwisha kung'arishwa huficha mkono wa fundi, na hii imeng'arishwa kupita kiasi.

Fundi mwenyewe hakupita njia ya kawaida. Alizaliwa Januari 1938 jijini Washington, akasoma fizikia Harvard na kuhitimu mwaka 1959. Katika masomo ya juu alihama kutoka fizikia kwenda hisabati, kutoka hisabati kwenda kompyuta, mpaka chuo kikamchoka kwa sababu hakutulia kwenye mada moja. Mwishowe, mwaka 1964, alipata udaktari wa hisabati tumizi kwa tasnifu kuhusu programu ya kompyuta inayojibu maswali kwa kufuata mantiki. Darasa rasmi la uchumi au la fedha hakuwahi kuketi hata moja. Mtu huyu ndiye aliyekuja kuwa profesa wa fedha Chicago na MIT.

Mlango wake wa kuingilia ulikuwa Arthur D. Little, kampuni ya ushauri iliyokuwa Cambridge, jimbo la Massachusetts, alikoajiriwa mwaka 1965. Humo alimkuta Jack Treynor, aliyekuwa ameandika nadharia ya bei za mali bila kuichapisha. Kiini chake ni hiki: mwenye hisa za kampuni nyingi hupoza mkosi wa moja kwa bahati ya nyingine, na kinachobaki ni kutikisika kwa soko zima. Hatari hiyo iliyobaki, isiyoweza kugawanywa ikaisha, ndiyo pekee ambayo soko humlipa mtu kwa kuibeba. Wengine kama William Sharpe na John Lintner waliifikia nadharia hiyo kwa njia zao katika miaka hiyo hiyo. Black aliipenda tangu mwanzo, na mapenzi hayo hayakupoa maisha yake yote. Kila alipokutana na kitu chenye bei, alikipima kwa rula hiyo moja.

Treynor alikuwa pia na mlinganyo wa kupata thamani ya kampuni kadiri muda unavyokwenda. Black alipoupitia aliona kasoro. Katika hesabu za vitu vinavyobadilika taratibu, mabadiliko madogo yakizidishwa yenyewe kwa yenyewe huwa madogo mno, mtu akayatupa bila hasara. Kwa kitu kinachorukaruka kwa nasibu, kama bei ya hisa, huwezi kuyatupa: yanajumlishana, na jumla yake ina uzito. Treynor alikuwa ameyaacha. Wawili hao wakayarudisha mahali pake. Ni marekebisho ambayo msomaji wa haraka asingeyaona, na bila hayo kila kilichofuata kingepinda.

Kisha Black akageukia waranti, hati ambayo kampuni hutoa ikimpa mwenye nayo haki ya kununua hisa zake kwa bei iliyopangwa. Opsheni ni ndugu yake. Atakaye kuelewa afikirie arubuni: unampa mwenye nyumba fedha kidogo ili asimuuzie mwingine mpaka muda fulani, kwa bei mliyokubaliana. Bei za mtaa zikipanda, unanunua na kufaidi. Zikishuka, unaiacha arubuni na kwenda zako. Tofauti ni kwamba katika opsheni fedha hiyo haikatwi kwenye bei ya kununulia. Swali ni moja tu: arubuni ya haki ni kiasi gani?

Swali hilo lilikuwa la zamani. Louis Bachelier alilishughulikia Paris katika tasnifu yake ya mwaka 1900. Katika miaka ya 1960 Wamarekani kadhaa walilishika tena, akiwamo Paul Samuelson wa MIT, na wote walikwama karibu mahali pale pale. Ili kujua haki ya kununua hisa mwakani ina thamani gani leo, ilionekana ni lazima ujue hisa itapanda kwa kasi gani, na tena ujue wawekezaji wanadai faida kiasi gani kwa kubeba hatari ya waranti yenyewe. Mambo hayo mawili hakuna gazeti linaloyachapisha.

Black alianza kwa kupunguza. Alichukulia kwamba riba haibadiliki, kwamba bei ya hisa inarukaruka kwa kiwango kisichobadilika, kwamba hakuna gawio wala ada za udalali. Vilivyobaki vya kubadilika vilikuwa viwili: bei ya hisa, na muda uliosalia. Halafu akachukua kipande kifupi mno cha muda, kifupi kiasi kwamba ndani yake hisa na waranti husogea pamoja, waranti ikisogea kwa mkupuo mkubwa zaidi. Akapima hatari ya waranti katika kipande hicho kwa rula ya Treynor. Akaandika soko linadai nini kwa kuishika hisa, akaandika linadai nini kwa kuishika waranti, akaweka pande mbili za mlinganyo, pamoja na yale mabadiliko madogo ambayo Treynor aliyasahau. Kisha akaanza kukata vinavyokatana.

Hapa ndipo napenda kusimama. Alipomaliza kukata, faida inayotarajiwa ya hisa haikuwamo tena. Ilikuwa imejifuta yenyewe. Hata mgawanyo wa hatari, ile inayoweza kugawanywa na ile isiyoweza, ulikuwa umetoweka. Kilichobaki ni kiasi cha kuyumba kwa bei kwa ujumla wake. Yaani hisa mbili zenye bei moja na kuyumba kwa namna moja zina opsheni za thamani moja, hata kama watu wanaitarajia ya kwanza ipae na ya pili isote. Mtu mwenye pupa angedhani amekosea mahali. Angerudi nyuma kutafuta alikoangusha kitu. Black aliukagua mlinganyo, akauamini, na kulishika pengo lile kama jambo la kweli lililogunduliwa.

Kuutatua, hata hivyo, hakuweza. Ulikuwa mlinganyo wa kalkulasi, wa aina ambayo jibu lake si namba bali ni fomula nzima. Alikuwa na udaktari wa hisabati tumizi, lakini milinganyo ya aina hiyo hakuwa ameishughulikia sana, na mbinu za kawaida hakuzijua. Alikuwa na shahada ya fizikia pia, ila hakutambua kwamba kilichokuwa mbele yake ni mlinganyo wa joto, ule ule unaoeleza jinsi joto linavyosambaa kwenye chuma. Haya aliyasimulia mwenyewe mwaka 1989, katika makala fupi ya kueleza walivyoifikia fomula. Hakujipamba hata kidogo. Aliuweka mlinganyo kando.

Myron Scholes, kijana kutoka Kanada aliyesomea Chicago, alifika MIT mwaka 1968. Yeye na Black walijuana, wakaanza kushirikiana, na mlinganyo ukatolewa tena kwenye jalada. Hawakuushambulia upya kwa nguvu. Waliuzunguka. Walijiuliza: kama faida inayotarajiwa ya hisa haimo, si tunaweza kuipa thamani yoyote tunayotaka na jibu lisibadilike? Basi tuchague iliyo rahisi kuliko zote. Tuseme hisa inatarajiwa kukua kwa kiwango cha riba tu, bila ziada yoyote ya hatari.

Baada ya hapo walimkumbuka Case Sprenkle. Katika kazi iliyochapishwa mwaka 1961, Sprenkle alikuwa amekwisha kupata fomula ya thamani inayotarajiwa ya opsheni siku ya mwisho wake, kwa hisa inayoyumba kwa namna ile ile waliyoichukulia wao. Fomula yake ilikuwa na vijazio visivyojulikana, ambavyo alijaribu kuvikadiria kutoka kwenye takwimu bila kufanikiwa. Black na Scholes waliweka riba mahali pa ukuaji wa hisa, na hapo wakapata thamani ya siku ya mwisho. Ilibaki kuirudisha kwenye thamani ya leo. Kwa kiwango gani? Kama hisa inakua kwa riba tu, basi na opsheni ikue kwa riba tu. Wakatumia riba ile ile. Wakaichukua fomula iliyopatikana, wakaiingiza kwenye mlinganyo wa Black kuona kama inaingia. Iliingia sawasawa.

Msomaji aione ikifanya kazi. Hisa inauzwa dola 100 leo, mkataba unakuruhusu kuinunua kwa dola 100 hizo hizo mwaka mmoja kuanzia sasa, riba ni asilimia 5 inayolimbikizwa mfululizo, na bei huyumba kwa asilimia 20 kwa mwaka. Fomula inasema opsheni hiyo ni dola 10.45. Ongeza kuyumba kuwe asilimia 40, mengine yote yabaki yalivyo: dola 18.02. Vitu vinavyohitajika ni vitano, na vinne kati yake unaviona wazi, ama sokoni ama kwenye mkataba. Cha kukadiria ni kuyumba peke yake. Kazi yote ya Black ilikuwa kuyafikisha mambo ya kukisia kwenye idadi hiyo ya moja.

Robert Merton, naye wa MIT, alikuwa akihangaikia swali lile lile, na wawili hao walibishana naye sana. Katika kiangazi cha 1970 waliwasilisha kazi yao kwenye mkutano ambao Merton alihudhuria, lakini asubuhi hiyo alipitiwa na usingizi akaikosa. Baadaye yeye ndiye aliyewaonyesha njia nyingine ya kuufikia mlinganyo, isiyohitaji rula ya Treynor kabisa. Katika mfano wetu wa kwanza, aliyeuza opsheni za hisa 100 anunue hisa 64 hivi na kuzishika. Bei ya hisa ikipanda dola moja, deni lake kwenye opsheni linaongezeka kama dola 64, na hisa zake zinaongezeka hizo hizo 64. Bei ikisogea, idadi ya 64 haifai tena, anaongeza au anapunguza. Na hivyo kila mara, mpaka mwisho wa mkataba. Anayeweza kufanya hivyo bila kukoma hana hatari tena, na asiye na hatari hulipwa riba tu. Kutoka hapo mlinganyo unatokea wenyewe.

Tazama sasa makala ilivyopangwa ilipochapishwa. Njia ya Merton imewekwa mbele, na maelezo ya chini ya ukurasa yanamtaja kuwa ndiye aliyeitoa. Njia ya Black mwenyewe, ile iliyomfikisha, imewekwa ya pili, kama mbadala. Na utatuzi? Makala inasema huu ni mlinganyo wa joto, na jibu lake limo kwenye kitabu cha kiada cha Churchill cha mwaka 1963. Siku nyingi za kuukodolea macho, jalada lililofungwa, hila ya riba na fomula ya kuazima kwa Sprenkle, yote yameondolewa. Asiyesoma makala ya 1989 atadhani watu hawa walikutana na mlinganyo, wakautambua, wakafungua kitabu.

Kuichapisha kulidai subira ya aina nyingine. Rasimu ya kwanza ni ya Oktoba 1970. Waliipeleka Journal of Political Economy, ikarudishwa. Wakaipeleka Review of Economics and Statistics, ikarudishwa pia. Black alishuku kwamba anwani yake, isiyokuwa ya chuo kikuu, ilichangia. Wakaandika upya, wakapanua hoja: hisa zenyewe za kampuni yenye madeni ni opsheni, kwa kuwa wenye hisa wanaweza kulipa deni na kubaki na kampuni, au kuwaachia wadai na kuondoka. Merton Miller na Eugene Fama wa Chicago walisoma, wakatoa maoni, na kulishawishi jarida la kwanza liitazame tena. Lilikubali mwaka 1971 kwa sharti la marekebisho zaidi. Makala ilitoka katika toleo la Mei na Juni 1973. Robert Merton alikuwa ameomba makala yake juu ya swali hilo hilo isubirishwe ili ya wenzake isitanguliwe, adabu ambayo si ya kawaida kati ya watu wanaoshindania ugunduzi mmoja.

Tarehe 26 Aprili mwaka huo huo, soko la opsheni la Chicago lilikuwa limefunguliwa, likiwa na opsheni za hisa 16. Black, aliyekwisha kuwa profesa Chuo Kikuu cha Chicago, alianza kuchapisha kurasa za bei zilizokokotolewa kwa fomula na kuwauzia wafanyabiashara, waliozikunja na kuingia nazo ukumbini. Kampuni ya Texas Instruments ikatangaza kikokotoo kilichoweza kuikokotoa. Black aliulizia malipo ya haki, akajibiwa kwamba fomula ni mali ya umma. Akauliza kama angalau wangempa kikokotoo kimoja. Wakamshauri anunue, naye hakununua.

Wala fomula haikuwatajirisha walipoijaribu. Walichambua waranti zilizokuwa sokoni, wakaona ya kampuni ya National General ndiyo rahisi kuliko zote ukilinganisha na hesabu yao. Black, Scholes, Merton na wengine wakainunua. Muda si mrefu kampuni nyingine ikatoa pendekezo la kuinunua National General, kwa masharti yaliyoishusha thamani waranti ile. Soko lilijua jambo ambalo fomula haikuambiwa. Black alikisimulia kisa hicho kama ushahidi kuhusu masoko, bila kuinung'unikia bahati.

Mwaka 1975 alihamia MIT. Darasani alifundisha kwa orodha ya maswali, akiwataka wanafunzi waseme wanavyofikiri na kwa nini. Waliomjua husimulia ukimya wake: unamwuliza jambo, ananyamaza kwa muda mrefu hadi unadhani hakusikia, kumbe anafikiri. Kila mazungumzo yenye maana yaliingia kwenye jalada lake.

Hotuba yake ya mwaka 1985 akiwa rais wa chama cha wanazuoni wa fedha Marekani, iliyochapishwa 1986, inaonyesha mkono ule ule. Wenzake wengi walitetea kwamba bei za soko ni sahihi. Black aliuliza: sahihi kwa kiasi gani? Akapendekeza soko lihesabiwe kuwa zuri kama bei iko kati ya nusu ya thamani na mara mbili yake, na akasema kwa kipimo hicho karibu masoko yote yanafaa karibu wakati wote, akieleza kuwa karibu yote ni angalau asilimia 90. Alikiri kwamba kipimo cha mara mbili amekichagua tu. Ni nadra mwananadharia kutamka wazi ukubwa wa ufa anaouruhusu.

Kazi yake juu ya kupanda na kushuka kwa uchumi, aliyoishikilia mpaka kitabu chake cha mwisho mwaka 1995, haikuwashawishi wachumi wengi, na nikiisoma naona sababu: rula moja imelazimishwa kupima mengi mno.

Mwaka 1984 aliacha uprofesa na kwenda Goldman Sachs. Huko, pamoja na Emanuel Derman, mzaliwa wa Cape Town, na Bill Toy, alitengeneza modeli ya opsheni za hatifungani. Makala yao ya 1990 inaeleza modeli hiyo kwa michoro ya matawi ya viwango vya riba na namba za kufuatisha kwa kidole, karibu bila kalkulasi. Aliandika pia makala kuhusu matundu ya fomula yake mwenyewe, akiorodhesha dhana zake zisizo za kweli moja baada ya nyingine: kuyumba hubadilika, riba hubadilika, bei huruka ghafla, udalali una gharama. Kwa kila tundu alieleza mfanyabiashara afanye nini akiwa na dhana bora zaidi.

Kwetu kazi yake imefika kwa njia ambayo wengi hawaioni. Mwaka 1976 aliirekebisha fomula ili ifae mikataba ya bidhaa za kuuzwa baadaye, na toleo hilo likawa kipimo cha kawaida cha opsheni za bidhaa, kahawa ikiwamo. Arabika ya Kilimanjaro na ya Kenya hupatiwa bei kwa kutazama mkataba wa New York, ambako opsheni hizo huuzwa.

Black alifariki Agosti 1995 kwa saratani ya koo. Mwaka 1997 Merton na Scholes walipewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi, ambayo hapewi aliyekwisha kufariki, na tangazo la tuzo lilimtaja Black kama mwenzao katika kazi hiyo.

Makala ya 1973 ina kurasa 18. Mwanafunzi wa fedha, awe Dar es Salaam au Nairobi, anayekaririshwa fomula hii aitafute, na asikimbilie jibu. Akae kwanza kwenye masharti saba yaliyowekwa kabla ya mlinganyo, ajiulize kila sharti linaondoa nini. Kisha afungue ile ya 1989 na kuziweka ubavu kwa ubavu.